Kusahihisha Kazi ya Mwenzetu

Kijana wa Balangdalalu aliyejifunza programu ya kompyuta akiwaandikia wenzake maelekezo ya kuitumia, huyapeleka kwanza kwa mtu ayasome. Basi twauliza: msomaji huyo wa kwanza ana wajibu gani?

Wako wasemao, "Yote ni mazuri," wasije wakamwudhi mwenzao. Huo si upole. Kosa lililonyamaziwa halipotei, bali lamngojea mwanafunzi. Naye akikwama hasemi, "Karatasi hii ina kasoro". Hujisemea, "Mimi ni mjinga," akaiacha kompyuta. Hivyo hasara ya ukimya wetu yampata mtu asiyekuwapo.

Wengine hufuta kila mstari, wapate kuonyesha elimu yao. Nao hawajengi, maana mwandishi huvunjika moyo asiandike tena.

Njia iliyo bora ni hii: tusiyasome maelekezo tu, bali tuyatende. Tukae mbele ya kompyuta, tufuate hatua moja moja, wala tusiongeze tulijualo. Mkono unapokwama, tuandike: "Hatua ya 4 yasema tuhifadhi barua, haisemi tubonyeze wapi." Hiyo ni habari ya karatasi, si hukumu juu ya mtu. Mwenyeji wa hapa akimwelekeza mgeni njia ya Katesh, aweza kusahau kutaja njia panda, kwa kuwa miguu yake imekwisha kuizoea. Ndiyo maana wahenga walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tuangalie na maneno. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kuhesabia kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi njema. Lakini kufasiriwa siko kufahamika. Kwetu wengi hunena Kiiraqw au Kidatooga nyumbani, na neno lililo jepesi Dar es Salaam laweza kuwa gumu hapa. Likitukwaza, tulitaje, na tukiweza tutoe jingine. Kadhalika tutaje palipo wazi, mwandishi asije akapaharibu.

Je, imetupasa kutaja kila kosa? Twaona litangulie lile limzuialo mwanafunzi kuendelea. Nukta na herufi zaweza kungoja. Mwandishi naye asijitetee upesi kwa kusema, "Nilikusudia hivi." Hatakuwapo kando ya kila msomaji kumweleza alichokusudia. Karatasi yake itakwenda peke yake.