Bei ya Buluu

Waswahili husema rahisi ni ghali. Usemi huu hutumika zaidi sokoni, kumwonya mnunuzi asihadaike na bei ndogo. Lakini ndani yake limo swali zito kuliko la sokoni: kitu kikiwa rahisi kwangu, ughali wake umekwenda wapi? Umetoweka, au umehamishiwa kwa mtu mwingine? Nalipima swali hili kwa rangi ya buluu ya vyombo vya kauri, rangi ambayo binadamu ameihangaikia tangu zamani.

Kwa mfinyanzi, buluu si rangi ya kupatikana kirahisi. Kahawia na nyeusi hutokana na chuma, ambacho kimejaa ardhini. Buluu ya kustahimili tanuri lenye joto la nyuzi 1,200 ni adimu, na kwa karne nyingi imetokana na madini ya kobalti. Unga wake kidogo, pengine sehemu moja katika mia ya ule utando wa kioo unaofunika chombo, hutosha kukipa chombo kizima buluu iliyokolea. Wachina wa karne ya 14 waliagiza kobalti kutoka Uajemi, wakaipamba kauri yao nyeupe, na biashara ya Bahari ya Hindi ikaileta kauri hiyo hadi pwani yetu. Kule Kunduchi, sahani za namna hiyo zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi. Aliyejengewa kaburi la namna ile hakuwa mnyonge.

Kwa hiyo simlaumu anayetafuta buluu rahisi. Uzuri ukibaki wa matajiri peke yao, hiyo nayo ni dhuluma. Tazama ile buluu ya kufulia nguo nyeupe. Asili yake ni rangi iliyosagwa kutoka jiwe la lapisi-lazuli la Afghanistan, ambayo Ulaya ilithaminiwa kama dhahabu. Mwaka 1824 chama kimoja cha Ufaransa cha kuhimiza viwanda kilitangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kwa bei isiyozidi faranga 300 kwa kilo. Mwaka 1828 zawadi ilikwenda kwa Jean-Baptiste Guimet. Udongo mweupe, magadi, salfa na makaa vilichomwa pamoja, na rangi ya wafalme ikaingia katika beseni la mama afuaye nguo. Lakini rangi hiyo haivumilii moto wa tanuri la kauri. Mfinyanzi akabaki na kobalti yake.

Leo sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, hasa Kolwezi na jirani zake, na Kiswahili ni lugha ya mashimo hayo. Kando ya migodi ya makampuni makubwa wako wachimbaji wadogo wanaoshuka na sururu katika mashimo yasiyo na nguzo, ambayo mara nyingine huwaporomokea. Watoto nao wameonekana wakiokota na kuosha mawe. Kweli, kobalti nyingi huenda kwenye betri, na fungu la rangi ni dogo. Lakini udogo wa fungu haumwondolei mtu wajibu wa kuuliza. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aliyeunda ana mikono na mapafu.

Wataalamu hawakulala. Tangu katikati ya karne ya 20 zipo buluu za zirkoni na vanadi, zinazofaa vigae na masinki, ingawa hazifikii kina cha kobalti. Mwaka 2009, katika Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, kundi la Mas Subramanian lilipata buluu mpya ya yitri, indiamu na manganizi, wakati likitafuta vitu vya elektroniki. Rangi ilikuwa nzuri, ila indiamu ni ghali. Baadaye maabara hiyo hiyo ikatengeneza buluu yenye umbo la hiboniti, madini yaliyogunduliwa kwanza Madagaska, inayotumia kobalti kidogo zaidi.

Hapo naona urahisi wa aina mbili. Upo urahisi unaozaliwa na maarifa: mtu amefikiri, na kazi imepungua kwa wote. Upo na urahisi unaozaliwa na unyonge: kazi ni ile ile, ila anayeifanya hana uwezo wa kudai haki yake. Dukani bei zake zaweza kufanana, na sahani zote mbili zikang'aa sawasawa. Tofauti haionekani kwa macho. Hujulikana kwa kuuliza.

Wala tusidhani kwamba kuikimbia kobalti kutamwokoa mchimbaji. Akikosa mnunuzi, atarudi nyumbani mikono mitupu. Maarifa yapunguze hitaji, sawa. Lakini kile kidogo kinachobaki kilipiwe bei inayomwezesha kuweka nguzo shimoni na kumpeleka mtoto shule. Buluu itapanda bei kidogo. Huo utakuwa ughali uliorudi kwa mwenyewe.