Weka Shoka Chini, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, weka shoka chini kwanza unisikilize. Nimechoka kuyarudia maneno haya, lakini nitayarudia, maana mipeasi ya hapa kwetu Lushoto inaangushwa na watu wasiouliza.

Unasema mti una miaka saba na hauzai. Mpeasi uliotoka mbegu unaweza kukaa hata miaka kumi, kisha ukatoa matunda yasiyofanana na lile ulilolipenda. Ndiyo maana miche hubebeshwa. Wako umebebeshwa, na maua unatoa. Basi usiuite tasa. Mipeasi mingi huhitaji chavua ya mpeasi wa aina nyingine unaochanua wakati uleule, na nyuki wa kuipeleka. Aina ileile haisaidii, hata ukipanda shamba zima. Jirani alipong'oa wake apate nafasi ya mahindi, wako ulibaki mjane.

Tena acha kukata vile vijitawi vifupi vyenye mafundo. Unaviona uchafu, kumbe maua hutokea humo. Matawi yanayokimbilia juu yavute taratibu, uyafunge kwenye vigingi yalale. Tawi lililolala huzaa upesi kuliko lililosimama.

Ukijaliwa matunda, hapo ndipo nakusihi zaidi. Peasi huiva kuanzia ndani. Ukilingoja lilainike mtini, utalipasua ukute moyo umekuwa kahawia na kuoza. Ukilichuma changa, litanyauka bila utamu. Lishike kiganjani, uliinue polepole mpaka lilale ubavu: kikonyo kikiachia tawi chenyewe, limekomaa, ingawa bado ni gumu. Liweke ndani kivulini. Kila siku bonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo; pakibonyea, kula siku hiyohiyo, juisi ikutiririke.

Inaniuma kuona yakiuzwa pale Mombo yakiwa magumu kama yalivyochumwa, na muuzaji hasemi neno. Msafiri analiuma ndani ya basi, analitupa dirishani, anafika Dar es Salaam akiamini tunda letu halina ladha. Wewe ukiuza, mwambie mteja: mama, yaweke mezani kwanza, usiyale leo.

Haya. Baridi ya Agosti haijaisha na macho ya mti bado yamelala. Nenda ng'ambo ya bonde ukaombe vijiti vya mpeasi wa aina nyingine, uvifunge kwa kitambaa kibichi visikauke njiani. Tutavibebesha kwenye tawi moja la huu wako, lile la upande wa jua.