Kuteleza na Kuanguka

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, hazipatani kwa urahisi. Ya kwanza yasema ya kuwa kuteleza si kuanguka. Ya pili yasema ya kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Ya kwanza yatuamuru tungoje kabla ya kumhukumu mtu kwa kosa lake. Ya pili yatuamuru tuanue nguo kabla hazijalowa. Mwenye busara huzisema zote mbili, lakini siku anapomwona mtu anayemtegemea akikosea mara moja, kisha mara ya pili, hawezi kuzitii zote kwa pamoja. Hana budi kuchagua. Nataka kulitazama swali la uchaguzi huu mahali ambapo watu hulijibu hadharani, kwa sauti kubwa, kila mwaka majira yale yale: katika viwanja vya besiboli vya Marekani, mwezi wa Aprili.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo huu, yatosha kujua mambo machache. Timu mbili hushindana kwa zamu tisa. Upande mmoja humtoa mrushaji, ambaye huutupa mpira kwa nguvu na hila. Upande wa pili humtoa mpigaji mwenye gongo, ambaye hujaribu kuupiga mpira huo na kuvizunguka vituo vinne ili aipatie timu yake alama. Mrushaji anayeanza mchezo aghalabu huchoka kabla ya mwisho, na nafasi yake hushikwa na warushaji wa akiba. Miongoni mwa hao yuko mmoja ambaye kazi yake ni ya mwisho kabisa. Huitwa katika zamu ya tisa, timu yake ikiwa mbele kwa alama moja, mbili au tatu, naye hutakiwa kuulinda ushindi ambao wenzake wameuchuma kwa muda wa saa mbili au zaidi. Akifaulu, sifa hugawanywa kwa wote. Akishindwa, lawama ni yake peke yake. Tangu mwaka 1969 kuulinda ushindi namna hiyo huandikwa rasmi katika hesabu za mchezo, na pale anaposhindwa pia hapakosi mwenye kuhesabu.

Sasa na tuitazame kalenda. Kila timu hucheza michezo 162 kwa muda wa miezi sita. Mrushaji wa kumalizia hutupa zamu 60 au 70 hivi katika msimu mzima, na katika siku za kwanza za Aprili huwa ametupa tatu au nne tu. Tuseme katika zamu tatu za kwanza wapinzani wamepata alama tatu kwake. Kipimo cha kazi yake ni wastani wa alama anazotoa kwa kila zamu tisa. Basi kipimo cha mtu huyu ni 9.00, nacho ni kipimo cha aibu. Lakini kama baadaye akitupa zamu 57 nyingine na kutoa alama 15 tu, wastani wake utashuka hadi 2.70, nacho ni kipimo cha heshima. Zamu zile tatu mbaya hazikufutwa. Zimo ndani ya hesabu vile vile. Zilichopoteza ni upweke wao. Shabiki wa Aprili hana kitu cha kutazama ila upweke huo, na moyo wake hushtuka.

Hebu tuchukue mfano wa mtu aliyeishi katika hali hiyo. Mariano Rivera alizaliwa Panama mwaka 1969, mwana wa mvuvi. Mwaka 1996, alipokuwa msaidizi wa mrushaji wa mwisho wa New York Yankees, alitupa zamu zaidi ya 107 kwa wastani wa 2.09, na timu yake ikatwaa ubingwa. Mwaka uliofuata John Wetteland, aliyekuwa mwenye nafasi ile ya mwisho, aliondoka, na Rivera akapewa nafasi hiyo. Katika safari sita za kwanza alizotakiwa kuulinda ushindi, alishindwa safari tatu. Mtu anaweza kuwaza maneno yaliyosemwa mitaani: kwamba msaidizi mwema si lazima awe mkuu mwema, na kwamba Wetteland hakustahili kuachwa aende. Kocha mkuu, Joe Torre, alimwita Rivera akamwambia ya kuwa nafasi ile ni yake na itaendelea kuwa yake. Mwaka ulipokwisha, Rivera alikuwa ameulinda ushindi mara 43 kwa wastani wa 1.88.

Miaka saba ikapita, na jina lake likawa kubwa. Walakini katika Oktoba ya mwaka 2004 alishindwa mara mbili mfululizo mbele ya Boston Red Sox, na Yankees wakapoteza mashindano ambayo walikuwa wameongoza kwa michezo mitatu bila jibu. Aprili ya mwaka 2005 msimu ulifunguliwa kwa wapinzani wale wale. Katika siku mbili zilizofuatana, tarehe 5 na 6, Rivera alishindwa tena mara mbili, na mashabiki wa nyumbani kwake mwenyewe wakamzomea. Tarehe 11, alipotajwa jina katika uwanja wa Boston, mashabiki wa wapinzani waliinuka wakamshangilia kwa kejeli, kana kwamba yeye ndiye aliyewapa ubingwa wao. Rivera alicheka, akawainulia kofia. Mwaka huo aliumaliza akiwa ameulinda ushindi mara 43 kwa wastani wa 1.38, ambao ndio uliokuwa bora kuliko yote katika maisha yake ya mrushaji wa kumalizia. Alipostaafu mwaka 2013 alikuwa na hesabu ya mara 652, na mwaka 2019 aliingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo kwa kura za wapigaji kura wote, jambo ambalo halikuwahi kumpata mchezaji yeyote kabla yake.

Mwandishi mwepesi angeliishia hapa, akatuambia tuwe na subira, kwani mvumilivu hula mbivu. Lakini insha inayokusanya mashahidi wa upande mmoja tu haijatenda haki. Yuko shahidi wa pili, na lazima asikizwe.

Eric Gagné wa Los Angeles Dodgers aliulinda ushindi mara 55 mwaka 2003 bila ya kushindwa hata mara moja. Kati ya mwaka 2002 na 2004 alifaulu mara 84 mfululizo. Baadaye mkono wake uliumia, na katika miaka miwili ya 2005 na 2006 alicheza michezo 16 tu. Mwaka 2007, alipohamia Boston katikati ya msimu, wastani wake huko ulikuwa 6.75. Mwaka 2008 alikwenda Milwaukee. Siku ya kwanza ya msimu, tarehe 31 Machi, mjini Chicago, alikabidhiwa ushindi wa alama tatu katika zamu ya tisa. Kosuke Fukudome akaupiga mpira wake nje ya uwanja, alama tatu zikaingia kwa pigo moja, na timu zikawa sare. Timu yake ilishinda baadaye, lakini hofu ilikuwa imekwisha ingia nyumbani. Bila shaka walikuwapo waliosema ya kuwa msimu bado mchanga. Kufika Mei alikuwa amenyang'anywa nafasi ile, na baada ya mwaka huo hakurusha tena katika ligi kuu. Safari hii mawingu yalileta mvua.

Basi tuna watu wawili na Aprili mbili. Waliomwonea shaka Rivera walikosea, na waliomwonea shaka Gagné walipatia. Je, wa kwanza walikuwa wapumbavu na wa pili wenye hekima? Hapa ndipo penye kiini cha swali. Sisi tunajua mwisho wa habari zote mbili, na ujuzi huo watufanya tuwe wakali kwa watu ambao hawakuwa nao. Kumhukumu mwamuzi kwa tokeo lililokuja baadaye ni kosa lile lile la kumhukumu mrushaji kwa pigo moja. Mwenye kuzomea huona alama akasahau mkono ulioutupa mpira. Mwenye kusifu subira kwa sababu ililipwa huona malipo akasahau sababu zilizokuwapo kabla ya malipo.

Hesabu ya bahati yaweza kutusaidia kidogo. Tuchukue mrushaji hodari ambaye hufaulu mara tisa katika kila kumi, mwenye nafasi 40 katika msimu, na tuseme kila nafasi haitegemei iliyotangulia. Uwezekano wa mtu huyo kushindwa mara mbili mfululizo, angalau safari moja katika msimu, ni takriban tatu katika kumi. Ligi kuu ina timu 30. Kama kila timu ingelikuwa na mtu hodari kama huyo, timu tisa hivi kila mwaka zingeliona mlinzi wao akishindwa mara mbili kwa kufuatana, wala mkono wa yeyote usingelikuwa umepungukiwa na nguvu. Msiba huo ukitokea Julai, watu hunung'unika wakalala. Ukitokea Aprili, huonekana kuwa ni tabia yake mpya, kwa kuwa hakuna kitu kingine cha mwaka huo cha kuupima nacho.

Lakini nani alisema ya kuwa lazima tupime kwa mwaka huo tu? Jana pia ni shahidi. Aprili ya Rivera mwaka 1997 ilisimama juu ya zamu 107 njema za mwaka uliotangulia, na juu ya mkono usiokuwa na ugonjwa. Aprili ya Gagné mwaka 2008 ilisimama juu ya mkono uliokwisha umizwa na juu ya miezi mibaya ya Boston. Makosa yalifanana kwa sura, lakini ardhi chini ya miguu yao haikufanana. Anayeteleza juu ya mwamba na anayeteleza juu ya ukingo unaomomonyoka huonekana sawa kwa muda wa pumzi moja. Mtazamaji mwadilifu hutazama ardhi. Ndiyo maana nasema Torre aliamua kwa haki mwezi ule, nayo ingelikuwa haki hata kama Rivera angelishindwa mwaka mzima. Na ithibati ni hii: katika Oktoba ya mwaka ule ule wa 1997, Yankees wakiwa karibu kabisa kuvuka, Sandy Alomar wa Cleveland aliupiga mpira wa Rivera nje ya uwanja, na mwishowe Yankees wakatolewa mashindanoni. Kama tokeo ndilo hakimu, basi Torre alikuwa sahihi Septemba na mkosefu Oktoba, kwa neno moja lile lile alilolisema majira ya kuchipua. Akili haikubali jambo hilo.

Wala tusidhani ya kuwa subira ni mali ya bure. Mchezo uliopotea Aprili una uzito sawa na mchezo uliopotea Septemba. Ubingwa huhesabu yote. Kocha anapomvumilia mmoja, wachezaji wengine 25 hulipa pamoja naye, na wao hawakuulizwa. Kwa sababu hiyo subira isiyokuwa na sababu si wema. Ni ukarimu wa kugawa mali ya watu wengine. Wajibu wa kocha ni kuwa na sababu ambazo angeweza kuwaeleza wale 25 bila ya kuona haya.

Na shabiki je? Yeye harushi wala hapangi. Kitu alichonacho ni hofu yake na sauti yake, na vitu hivi viwili si kimoja. Hofu yake si dhambi. Asiyejali haogopi, na anayempenda mtu humwangalia nyayo zake. Hofu husema, Sijui itakuwaje. Kuzomea husema, Najua imekwisha kuwa. La kwanza ni kweli. La pili ni madai yasiyo na ushahidi, nayo hutupwa juu ya mtu aliye peke yake katikati ya uwanja, kabla hajauachia mpira unaofuata. Shabiki aweza kukaa na hofu yake mpaka usiku wa manane asimdhulumu mtu. Dhuluma huanza pale anapoigeuza hofu yake kuwa hukumu ili apate kupumzika. Nadhani hii ndiyo siri ya haraka yetu sote: hatuhukumu mapema kwa kuwa tumejua, bali kwa kuwa kutojua kunachosha.

Msomaji wa kurasa hizi huenda hatakanyaga kamwe uwanja wa besiboli. Lakini amepata kumwona mwanafunzi aliyefeli jaribio la kwanza la mwaka, na mwalimu aliyemhesabu tangu siku ile miongoni mwa wasiofaa. Huenda yeye mwenyewe ndiye alikuwa mwanafunzi huyo. Huenda kesho atakuwa mwalimu, na kalamu nyekundu itakuwa mkononi mwake. Siku hiyo methali mbili zitamjia pamoja. Sidhani moja ni ya kweli na nyingine ya uongo. Zote ni za kweli, lakini kila moja hudai jambo kwa anayeitumia. Mwenye kusema dalili ya mvua ni mawingu lazima awe ametazama mbingu yote, si wingu moja lililo juu ya nyumba yake. Na mwenye kusema kuteleza si kuanguka lazima awe tayari kuinama na kuipapasa ardhi aliyosimama mwenzake. Asiyetaka kufanya kazi hiyo, na anyamaze kwanza, aungoje mpira unaofuata.