Keki au Peremende? Swali la Baada ya Isha



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita baada ya sala ya Isha kijana mmoja alinivuta pembeni ya msikiti. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ustadhi, kati ya keki ya bangi, biskuti na peremende, ipi ni nyepesi? Mimi sivuti. Nataka usingizi tu, mitihani imenikaba."

Nilitaka kumkemea. Nikakumbuka kwamba anayekuja kuuliza msikitini bado anamwonea haya Mola wake. Nikamkalisha.

Nikamwambia: ndugu yangu, umeuliza kuhusu chombo, na hukumu iko kwenye kilichomo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila kinacholevya ni haramu, na kinacholevya kwa wingi, hata kidogo chake ni haramu. Zama za Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, hashishi ililiwa, naye hakuona kuliwa kwake kuwa ni udhuru.

Tena huo wepesi ni udanganyifu. Moshi humlevya mtu kwa dakika chache. Kinacholiwa hupita tumboni na kwenye ini, na huko hugeuka kuwa kikali zaidi. Huweza kupita nusu saa hadi saa mbili kabla mtu hajahisi kitu. Mlaji hudhani hakijafanya kazi, akaongeza kipande; kisha vyote vikampanda pamoja, na ulevi wake ukadumu saa nyingi. Adhana ya Alfajiri itamkuta hajui anachokisoma, nasi tumekatazwa kuikaribia sala katika hali hiyo.

Akanyamaza, kisha akasema: "Sasa usingizi nitaupata wapi?"

Hapo nikajiona nina kosa. Tunasimama naye safu moja kila siku, wala sikuwahi kumuuliza analalaje. Tukakubaliana tusome pamoja mchana, simu izimwe usiku, na asubuhi nikamsindikiza kwa daktari.

Nawaombeni, mwenzenu akizidiwa na alichokula, mpelekeni hospitali. Msimfiche kwa kuogopa aibu. Aliyelishwa bila kujua hana dhambi, dhambi ni ya aliyemlisha. Na aliyekula kwa kujua, mlango wa toba haujafungwa. Muulize jirani yako wa safu leo: unalala?

Wabillahi tawfiq.