Nani Aliyekosa?



Hebu tumfikirie mvuvi mmoja wa upande wa Ukerewe. Jina lake silitaji, wala simsimulii mtu mmoja. Ni mfano tu, lakini kila akaaye kando ya Ziwa atamtambua. Mtu huyu alikuwa hodari, mwenye mtumbwi wake na nyavu zake, asiyedaiwa na mtu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nacho kilikuwa kimekwisha kukaribia gati. Watu 228 wakafa. Mvuvi wetu alipiga kasia pamoja na wenzake kwenda kuokoa. Wachache aliwatoa hai. Wengine aliwatoa wamekwisha kufa, na miongoni mwao watoto aliowajua kwa majina.

Mwezi wa kwanza watu walimsifu. Mwezi wa tatu walianza kumtazama kwa jicho jingine. Usingizi ulikuwa umemkimbia. Na akipata kulala, huamka akipiga kelele. Akishika kasia, mkono hutetemeka. Chakula hakina ladha kinywani mwake. Hushinda nyuma ya nyumba peke yake, na jioni huenda kwenye gongo, maana gongo humpa saa mbili za kusahau. Mtumbwi wake umefunikwa majani, na nyavu zake zimeliwa na panya.

Basi watu wakaanza kusema. Shangazi yake alisema, “Mwanangu amerogwa, tena twamjua bibi aliyemroga.” Mzee mmoja wa usharika alisema, “Imani yake ni haba. Mwenye imani hakati tamaa namna hii. Labda iko dhambi aliyoificha.” Vijana wa mwaloni wakacheka, wakasema, “Ni uvivu na ulevi tu.”

Majibu yalikuwa matatu, lakini swali lilikuwa moja: Nani aliyekosa? Ndilo swali ambalo wanafunzi walimwuliza Bwana walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, kwamba ni yeye aliyetenda dhambi au wazazi wake, naye hakulikubali. Nasi leo yatupasa tulipime, kama ni swali la haki na kama lamfaa mgonjwa.

Kwanza tutazame matunda yake. Katika nchi ya Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya kudhaniwa wachawi, na mara nyingi ushahidi uliotajwa ni kwamba macho yao ni mekundu. Macho hayo yalipata wekundu kwa moshi wa mafiga, walipokuwa wakiwapikia watoto na wajukuu miaka hamsini. Mtu mmoja aliugua, mwingine akauawa, na yule wa kwanza hakupona. Hilo ni tunda moja. Tunda la pili halimwagi damu, lakini ni chungu: mgonjwa akisikia kwamba ugonjwa wake ni aibu, huuficha, naye anayeuficha hatibiwi.

Mbona basi twalipenda swali hili? Nadhani ni kwa sababu mbili. Tukimpata mwenye kosa, tumepata la kufanya: kumfukuza, kumtoza, kumkemea. Tena, kama mgonjwa ameugua kwa kosa lake, sisi tusiokosa tu salama. Lakini salama hiyo ni ya uongo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 mtu 1 katika kila watu 8 duniani alikuwa na ugonjwa wa akili wa namna fulani. Ukiifuata hesabu hiyo, keti Jumapili katika benchi la watu wanane, ukatazame kulia na kushoto.

Sasa tuuangalie ugonjwa wenyewe, maana una namna nyingi. Iko huzuni nzito, ambayo siku hizi huitwa sonona. Si huzuni ya siku moja ya msiba. Hukaa wiki mbili na zaidi, huondoa furaha, usingizi, hamu ya chakula na nguvu za mwili. Iko hofu isiyo na sababu ionekanayo: moyo hupiga mbio, pumzi hukatika, na mtu hudhani anakufa. Kiko kiwewe, yaani jeraha linalobaki moyoni baada ya mambo ya kutisha, hata mtu huyaona tena kama kwamba yanatendeka leo. Uko wazimu, ambapo mtu husikia sauti wasizosikia wengine, au husadiki kwamba watu wote wamfuatia kumdhuru. Na mara nyingi huanza katika ujana. Uko ugonjwa wa kupanda na kushuka, ambao kwa majuma kadhaa humfanya mtu asilale, aseme mno na kutapanya mali, kisha humtupa katika huzuni. Na uko utumwa wa pombe na bangi. (Kifafa si wazimu, ingawa wengi huvichanganya, ni ugonjwa wa ubongo wenye dawa yake.)

Chanzo chake si kimoja. Damu ya ukoo yaweza kuwamo. Pengine maradhi ya mwili, au uzazi, kwa maana wako akina mama wanaopatwa na huzuni nzito baada ya kujifungua. Pengine umaskini, kupigwa, kufiwa, kuona maiti za majirani juu ya maji. Mara nyingi mambo haya hukutana mawili matatu katika mtu mmoja.

Na hapa liko jambo ambalo naomba kila mwinjilisti alishike sana. Mwenye huzuni nzito hujilaumu. Hujiambia usiku kucha kwamba hafai, kwamba amewaelemea watu wake, kwamba wale waliokufa wangalipona kama yeye angalipiga kasia upesi zaidi. Wala hujilaumu si kwa sababu amepima mambo akayaona. Kujilaumu ni sehemu ya ugonjwa, kama joto lilivyo sehemu ya homa. Basi tukija nyumbani kwake na swali letu la nani aliyekosa, hatumletei neno jipya. Ugonjwa ulikwisha kumwuliza, naye alikwisha kujibu, “Ni mimi.” Sisi tumekuja kuusaidia ugonjwa tu.

Je, iko tiba? Iko. Zamani dunia nzima haikujua sana la kufanya ila kufungia. Katika nchi yetu tuna ukumbusho mwema wa Lutindi, katika milima ya Usambara. Wamisionari waliijenga nyumba ile mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa katika utumwa. Na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, ikawa ya kwanza ya namna yake katika Afrika ya Mashariki. Hata leo wagonjwa wa Lutindi hutibiwa, nao hushika kazi za mikono na za shamba, maana kazi inayopimwa kwa nguvu za mtu humrudishia heshima yake. Mwaka 1927 Serikali ilifungua hospitali ya Mirembe huko Dodoma. Nasi wa Mwanza tunayo Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye idara ya magonjwa ya akili.

Njia za tiba ni tatu hasa. Ya kwanza ni dawa. Mwaka 1952 waganga wa Ufaransa waliona kwamba dawa iitwayo klorpromazini yatuliza wazimu bila kumfunga mtu. Baada yake zikaja nyingine, za wazimu na za huzuni. Yafaa tujue tabia zake. Dawa ya huzuni haileti nafuu siku ya kwanza. Hukawia wiki mbili hata nne, nayo huendelezwa miezi mingi baada ya mtu kujisikia mzima. Dawa ya wazimu yaweza kutetemesha mikono au kuleta usingizi. Wengi huiacha kwa sababu hizo, kisha ugonjwa hurudi, na watu husema dawa haifai. Mgonjwa akisumbuliwa na dawa, arudi kwa daktari aliyempa. Asiache kwa shauri lake mwenyewe.

Njia ya pili ni mazungumzo. Si mazungumzo yoyote, bali yenye utaratibu: mtu husaidiwa kuyatazama mawazo yake na kuyapima, kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua moja, na kukikaribia kidogo kidogo kile anachokiogopa. Tutoke kidogo kwetu tutazame Zimbabwe. Huko daktari Dixon Chibanda aliona waganga wa akili ni wachache mno, akawafundisha wanawake wazee wa mitaani katika mji wa Harare kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kufungua mawazo yao. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wale walioketi kwenye benchi walipata nafuu kuliko wenzao. Bibi ambaye kwetu hunyoshewa kidole, huko amekuwa mganga.

Njia ya tatu ni watu. Elia alipoketi chini ya mti akaomba kufa, hakukemewa. Alipewa mkate na maji, akaachwa alale, akapewa tena, ndipo akaambiwa neno. Na Martin Luther, ambaye mwenyewe alipatwa na majonzi makali, aliwashauri wenye huzuni wasikae peke yao, bali wale, waimbe, na kuwatafuta wenzao.

Njia hizi tatu hazigombani. Sala haimkatazi mtu kidonge, wala kidonge hakimkatazi sala. Anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani amejitwika mzigo mzito sana juu ya kichwa chake mwenyewe.

Lakini tuangalie tusianguke upande wa pili wa njia. Twaweza kusema, “Hana kosa, ni ugonjwa tu,” tukamwondolea lawama, na pamoja nayo tukamwondolea utu. Ziko nyumba ambamo mwenye wazimu amefungwa kamba kwenye nguzo miaka na miaka. Jamaa zake hawamlaumu hata kidogo. Husema mbele yake, “Huyu hajui kitu,” na kuzungumza mambo yake juu ya kichwa chake. Lakini ng'ombe naye halaumiwi.

Ugonjwa hauchukui akili yote. Asikiaye sauti ajua njaa, ajua aibu, amjua aliyemcheka na aliyempa maji. Nia yake ni kama taa penye upepo: huinama, haizimiki. Kwa hiyo aulizwe: Wataka nani akusindikize hospitali? Dawa yakutendaje? Pakiwapo hatari ya yeye kujiua au kumwua mtu, ndipo nguvu yaweza kutumika. Na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka njia ya kumpeleka hospitali asiyeweza kukubali mwenyewe. Lakini nguvu hiyo iwe ya muda, mbele ya daktari, na yuko mtu wa kuijibia. Kamba ya nyumbani haijibiwi na mtu.

Na mvuvi wetu, je? Hakukosa kwa kuugua. Lakini kupona kwake hakutatimia pasipo yeye. Atahitaji kwenda zahanati, kunywa dawa, kuacha gongo. Kumwita mtu atembee si kumlaumu kwa kuanguka. Tofauti hii ni ndogo kwa maneno, bali kwa mgonjwa ni kubwa sana: mwenye kulaumu husimama mbali akinyosha kidole, mwenye kuita husimama karibu akinyosha mkono.

Kwa hiyo, ndugu wainjilisti na wazee wa sharika, mkienda kwa mtu wa namna hii, ulizeni maswali mengine. Tangu lini hulali? Leo umekula nini? Nani yuko nawe usiku? Waliotoka katika ajali jana msiwalazimishe kusimulia waliyoyaona. Wapeni blanketi, chai, na mtu wa kuketi nao. Mkiona mtu amekata tamaa, mwulizeni wazi kama ana nia ya kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo moyoni, bali humfungulia mlango. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo. Ondoeni kamba na dawa za wadudu, mkampeleke hospitali siku ile ile. Na siri yake isije ikawa mfano katika mahubiri ya Jumapili.

Mvuvi wetu alipata mtu mmoja wa kuuliza hivyo, mwenzake wa zamani wa kasia. Walikwenda pamoja zahanati, na kutoka huko Bugando. Baadaye walishuka mwaloni: siku ya kwanza walisimama mbali wakayatazama maji, wakarudi. Siku nyingine waliketi ndani ya mtumbwi uliofungwa ufukoni. Ilipita miezi kabla hawajaufungua. Hata sasa ziko usiku ambazo halali. Lakini amenunua nyavu mpya. Na yule bibi aliyetajwa na shangazi angali hai, huota jua la asubuhi mlangoni pake.