Nota Iliyoandikwa na Nota Inayosikika

Je, ni haki mtu kuandika jambo moja na kulitamka jingine? Mwadilifu hujibu upesi kwamba si haki. Lakini muziki hutulazimisha kulitafakari swali hili kwa utulivu zaidi, hasa siku hizi ambapo watunzi wengi wa kwaya huandika nyimbo zao kwa kompyuta, kisha huiamuru mashine izipige.

Wapo wadhanio kwamba nota ikiandikwa kuwa ya pigo moja, basi hapana budi ilie pigo zima. Sivyo. Mwaka 1753, huko Berlin, Carl Philipp Emanuel Bach alifundisha katika kitabu chake cha upigaji wa kinanda kwamba nota isiyotakiwa kukatwa, kuunganishwa wala kushikiliwa, hushikwa kwa nusu tu ya urefu wake. Mwaka 1775 mtawa wa Kifaransa, Engramelle, alitoa kitabu juu ya upangaji wa misumari katika mapipa ya vinanda vinavyojipiga vyenyewe. Yeye aliigawa kila nota sehemu mbili: ya sauti na ya kimya. Alilazimika, maana pipa halina busara. Hutoa kile tu kilichogongomewa.

Kompyuta ni mjukuu wa pipa lile. Hupokea amri ya kuanza sauti na amri ya kuikomesha. Katika toleo la tatu la programu ya MuseScore, lililotoka mwaka 2018, urefu wa kulia kwa nota ulipimwa kwa sehemu elfu za urefu ulioandikwa. Mtunzi akiweka 1000, nota hulia yote. Akiweka 500, hulia nusu. Na maandishi hayabadiliki hata chembe.

Sasa, mtunzi asikiaye nota zake zikigandamana anazo njia mbili. Ya kwanza ni kuyabadili maandishi: palipo na nota ya pigo moja aweke ya nusu pigo, na nyuma yake alama ya kimya. Ya pili ni kuyaacha maandishi yalivyo, na kurekebisha urefu wa kulia peke yake.

Njia ya kwanza yaonekana kuwa ya kweli zaidi, kwa kuwa karatasi na sauti zinalingana. Mimi naiona kuwa na kasoro. Karatasi huandikiwa mwanadamu. Mwimbaji akutanaye na alama za kimya kila mahali atahema kila mahali, na sentensi ya wimbo itakatika vipande vipande. Mtunzi huyo ameipotosha kwaya ili mashine ipendeze.

Lakini njia ya pili nayo ina wajibu wake. Wanakwaya wengi hawasomi nota. Hujifunza kwa kusikiliza sauti waliyotumiwa kwenye simu. Kwao, sauti ile ndiyo maandishi. Mtunzi akiipuuza, kosa la mashine litaimbwa na watu arobaini wasio na hatia. Basi asiseme, "Karatasi yangu ni sahihi," na kunawa mikono.

Walimu tunalifahamu jambo hili. Ratiba husema kipindi ni dakika arobaini. Mwalimu mwema humaliza dakika chache kabla ya kengele, ili mwanafunzi afunge daftari, na mwalimu afuataye apate mlango ulio wazi. Je, ameiba dakika hizo? La. Ametimiza kusudi la ratiba, ambalo ni watu kujifunza kwa zamu. Yule ang'ang'aniaye hadi sekunde ya mwisho ameitii herufi, lakini amekula haki ya mwenzake. Na yule aondokaye katikati ya kipindi asijifiche nyuma ya maneno haya. Wanafunzi walioachwa ndio mashahidi wake.

Kwa hiyo, msomaji wangu, sidhani kwamba uaminifu ni maandishi na tendo kulingana kwa rula. Uaminifu ni kujua maandishi yaliwekwa kwa ajili ya nani, na kumpa huyo haki yake: msomaji apate ukurasa ulio wazi, msikilizaji apate sauti iliyo safi. Na nota ijuayo kunyamaza kwa wakati wake haipungukiwi kitu. Huiachia nafasi nota inayofuata, nayo isikike.