Mafuta ya Mzoga Ndani ya Sabuni

Katika vibanda vya Pumwani na Eastleigh jijini Nairobi, mche wa sabuni hukatwa vipande na kuuzwa bila mteja kuuliza umetokana na nini. Wanazuoni wa fikihi wameuliza kwa karne nyingi: mafuta ya mnyama asiyechinjwa kisheria yakipikwa yakawa sabuni, je, sabuni hiyo ni tohara? Swali hili linapita ndoo ya kufulia. Kitu kikigeuka, ni wakati gani kinakoma kuwa kile kilichokuwa?

Tuanze na kazi yenyewe. Mpikaji sabuni hupima kostiki soda, kisha huitia majini polepole. Hamwagi maji juu ya soda, kwani joto linalotoka hapo huweza kurusha matone hadi usoni. Soda hiyo ni hidroksidi ya sodiamu, besi kali inayounguza ngozi na kupofusha macho. Ndani ya sufuria huyavunja mafuta, gliserini ikajitenga, na asidi za mafuta zikaungana na sodiamu. Tukichukua asidi ya steariki peke yake, iliyomo kwenye mafuta ya ng'ombe, gramu 284 hukutana na gramu 40 za kostiki, zikatoka gramu 306 za sabuni na gramu 18 za maji. Kwa mkemia, sabuni ni chumvi.

Wanazuoni wengi wa Kihanafi, madhehebu ya Wasunni wengi wa Nairobi wenye asili ya Bara Hindi, wanaona najisi imekwisha: jina, sifa na matumizi vyote vimebadilika. Hali hiyo wanaiita istihala.

Washafi, ambao ndio wengi kati ya Waislamu wa Pumwani na Eastleigh, hawakubali. Kwao kilicho najisi kwa asili yake hakitohariki kwa kugeuka, isipokuwa katika mambo machache, kama ngozi ya mzoga iliyodibaghiwa na mvinyo uliogeuka siki wenyewe. Mtu akitia kitu ndani ya mvinyo ili ugeuke, siki hiyo haitohariki, hata kama asidi yake ni ileile.

Mfano huo wa siki ndio unaofungua jambo. Washafi waliyaona mabadiliko vizuri, ila walikataa kwamba hali ya sasa ya kitu inatosha kukitolea hukumu. Njia kiliyopitia nayo ina uzito. Kemia haiwezi kuwaamulia. Mhanafi ataonyesha kwamba mafuta yaliyokuwa yakikataa maji sasa yanatoa povu. Mshafi atajibu kwamba mnyororo wa kaboni 18 uliokuwa mwilini mwa mnyama bado umo ndani ya kipande, mzima. Wote wawili wanasema kweli. Maabara hueleza kilichomo, lakini haisemi ni kipi kati ya vilivyomo kinachokifanya kitu kiwe kile kilicho.

Kwa mnunuzi wa Pumwani sheria haikuweka mzigo mzito. Asili ya vitu ni tohara, na yakini haiondolewi na shaka, kwa hiyo hana wajibu wa kupeleleza kila kipande. Sabuni ya mawese nayo haizushi swali hili hata kidogo. Lakini anayepika, akijua mafuta yake yametoka kwa mzoga, hana shaka ya kujifichia. Jirani yake Mshafi anayeswali kwa nguo zilizofuliwa na sabuni hiyo anastahili kuambiwa kabla hajalipa.